Sauti Isiyo na Msikilizaji: Briseis katika Riwaya ya Pat Barker

Utangulizi

Utendi wa Iliad, ambao kwa desturi hunasibishwa na Homer, haujakoma kurejelewa na watunzi wa vizazi mbalimbali. Watunzi wa tamthilia wa Athens waliuchota, washairi wa Roma wakafuata nyayo zao, na katika miongo ya hivi karibuni waandishi wa riwaya wameugeukia kwa wingi. Wengi wao wamefanya hivyo kwa nia ya kuwaleta mbele wanawake ambao utendi uliwaweka pembeni. Miongoni mwa riwaya hizo, The Silence of the Girls (Ukimya wa Wasichana) ya Mwingereza Pat Barker, iliyochapishwa mwaka wa 2018, ilitarajiwa kuwa ya kupigiwa mfano. Barker hakuwa mgeni katika uwanja wa vita na fasihi. Riwaya zake tatu kuhusu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, zilizotoka mwaka wa 1991, 1993 na 1995, zilimpa sifa kubwa, na ya tatu ikamtunukia Tuzo ya Booker mwaka huo wa 1995. Kama kulikuwa na mwandishi aliyefaa kuingia katika kambi ya Wagiriki kwa mlango wa mateka, ni huyu.

Makala haya yanadai kwamba riwaya hii, licha ya nguvu zake zisizokanika, haitimizi ahadi yake. Kasoro yake haitokani na uhaba wa huruma wala wa ustadi. Chanzo chake ni dhana finyu ya ukimya. Barker anachukulia kwamba aliyenyamazishwa hurudishiwa sauti pindi anapopewa maneno. Utendi anaousahihisha ulikuwa tayari umeonyesha jambo gumu zaidi, yaani kwamba sauti ni shughuli ya watu wawili au zaidi: asemaye na anayepokea. Katika kumwongezea Briseis maneno, riwaya imempokonya wapokezi wachache aliokuwa nao.

Briseis wa Utendi

Ni vyema kuanza na hali ya Briseis katika utendi, kwa kuwa uzito wa marudio yoyote hupimwa kwa kile kinachorudiwa. Katika vitabu 24 vyenye mistari zaidi ya 15,000, Briseis ndiye anayegombaniwa, na ugomvi huo ndio unaouzindua utendi mzima. Agamemnon analazimika kumrudisha Chryseis kwa baba yake, kuhani wa Apollo, baada ya tauni kuingia kambini. Ili kufidia hasara hiyo anamnyang'anya Achilles mateka wake. Briseis anaondoka na wajumbe shingo upande, wala hatamki neno. Hata jina analoitwa si lake hasa. Maana yake ni binti wa Briseus, na utendi hautaji jina jingine.

Mhakiki hana haja ya kuutakasa utendi huu. Jamii unayoisawiri huwahesabu wanawake pamoja na vyungu na ng'ombe. Katika kitabu cha 23, katika mashindano ya mieleka, mshindi anawekewa chungu cha miguu mitatu kinachokadiriwa kuwa na thamani ya ng'ombe 12, na mshindwa anawekewa mwanamke stadi wa kazi, thamani yake ng'ombe 4. Msimulizi anayataja hayo bila kukunja uso. Msomaji wa leo anayekasirishwa na hesabu hiyo ana haki, na hasira hiyo ndiyo mbegu ya riwaya ya Barker.

Hata hivyo, katika kitabu cha 19 Briseis anasema. Amerudishwa katika kambi ya Achilles, na jambo la kwanza analolikuta ni maiti ya Patroclus. Anaiangukia na kuomboleza kwa mistari 14. Anamkumbuka mumewe aliyeuawa mbele ya mji wao, na kaka zake watatu waliokufa siku iyo hiyo. Anakumbuka pia kwamba ni Patroclus aliyemzuia asilie, akimwahidi kwamba angemfanya mke halali wa Achilles. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake inatenga waziwazi mateka, kijakazi, suria na mke wa ndoa, anaelewa mara moja ukubwa wa ahadi hiyo na ukatili wake pia, kwa sababu muahidiwa anatakiwa kumshukuru rafiki wa aliyemfanya mjane.

Kilele cha tukio hilo kinakuja baada ya Briseis kunyamaza. Wanawake wengine wanaitikia kwa kilio, na msimulizi anadokeza kwamba kwa nje wanamlilia Patroclus, ilhali kila mmoja anaulilia msiba wake mwenyewe. Kwa dokezo hilo fupi, umati wa wajakazi wasio na majina unageuka kuwa jamii. Maombolezo ya mmoja yamewapa wote ruhusa ya kulia mambo ambayo mabwana wao wasingeyaruhusu yatajwe. Wanaume wamesimama hapo wakisikia, na hawawezi kukataza, kwa kuwa kilio cha mazishi ni haki ya wanawake. Utendi utarudia utaratibu huo karibu na mwisho wake, pale Andromache, Hecuba na Helen wanapomwomboleza Hector mmoja baada ya mwingine, na wanawake wa Troy wakiitikia.

Kwa mujibu wa istilahi za fasihi simulizi ya Kiswahili, hii ni mbolezi. Ina kiongozi na ina waitikiaji. Ina mahali pake na wakati wake. Nguvu yake haimo katika maneno peke yake.

Ufanisi wa Riwaya

Itakuwa dhuluma kuihukumu riwaya ya Barker bila kukiri mema yake. Sura za mwanzo ni miongoni mwa kurasa bora alizowahi kuziandika. Mji wa Lyrnessus unaangushwa, na msomaji hayuko uwanjani pamoja na mashujaa. Yuko ngomeni pamoja na wanawake, watoto na wajakazi, akisikia mlio wa vita ukikaribia. Briseis anashuhudia kwa macho yake mauaji ya jamaa zake. Wapo wanawake wanaochagua kujitupa kutoka juu kuliko kuchukuliwa, na wapo wanaochagua kuishi. Riwaya haiwahukumu wala hao wala hawa.

Kambini pia mwandishi anafaulu kuonyesha utumwa kama kazi ya kila siku. Kuna mitambo ya kufumia, mahema ya majeruhi, mitishamba inayopondwa, divai inayomiminwa karamuni na mateka wanaofundishwa kuinamisha macho. Wanawake ambao utendi unawataja kwa kupita, kama vile Hecamede wa Nestor na Iphis wa Patroclus, wanapata sura na tabia. Tecmessa, mateka wa Ajax, anafika kutoka katika tamthilia ya Sophocles, ambamo Ajax anamwambia kwamba pambo la mwanamke ni kunyamaza. Anwani ya riwaya inaujibu msemo huo wa kale, na kwa muda fulani jibu linaelekea kutosha.

Achilles Anarudi Kitini

Kasoro ya kwanza imo katika usimulizi. Riwaya inaanza kwa nafsi ya kwanza. Briseis ndiye mtazamaji na ndiye mwamuzi. Riwaya inapoendelea, zinaingia sura zinazosimuliwa kwa nafsi ya tatu, na jicho la msimulizi huyo limekaa ndani ya Achilles. Msomaji anapelekwa ufukweni usiku kumtazama akimsubiri mama yake atoke baharini. Anaelezwa utoto wake, upweke wake, na mapenzi yake kwa Patroclus. Patroclus anapouawa, ni huzuni ya Achilles inayotawala kurasa.

Haiwezi kusemwa kwamba sura hizo ni dhaifu. Tatizo ni kwamba ni nzuri kupita kiasi kwa kazi iliyojipangia shabaha nyingine. Achilles anapewa kile ambacho riwaya ya kisasa humpa mhusika inayemthamini: utata, kumbukumbu, mabadiliko. Briseis anabaki dirisha. Kwake tunapata habari za kambi, na kwa Achilles tunapata mgogoro. Matokeo yake ni kwamba mpango wa utendi, yaani hasira, kifo cha rafiki, kisasi, na upatanisho na Priam, unabaki ulivyokuwa, na aliyedhamiriwa kuupindua anautumikia kwa uaminifu. Riwaya iliyofuata, The Women of Troy ya mwaka wa 2021, inaurudia mtindo huo huo: Briseis anasimulia, na katikati yake zinaingizwa sura zinazowafuata wanaume.

Mbolezi na Ungamo

Kasoro ya pili ni ya kina zaidi, na ndiyo inayoeleza ya kwanza. Briseis wa Barker anazungumza na nani? Anasimulia kwa kurasa mamia, lakini msikilizaji wake hana sura wala makao. Sehemu kubwa ya yale yaliyo makali zaidi katika usemi wake yanapita kichwani mwake tu, bila kufika kwenye sikio la mhusika yeyote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ujio wa Priam. Mfalme mzee wa Troy anaingia katika hema la Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe, huku akisema kwamba amefanya jambo ambalo hakuna mtu aliyepata kulifanya. Briseis yupo hapo. Moyoni anajijibu kwamba yeye amelazimika kufanya jambo ambalo wanawake wasiohesabika wamelazimishwa kulifanya, yaani kulala na muuaji wa mumewe na kaka zake. Huu ndio ukosoaji mkali kuliko wote ambao riwaya inautoa dhidi ya utendi, na wasomaji wengi hukumbuka hapo kuliko popote pengine. Lakini Priam hausikii. Achilles hausikii. Hakuna mjakazi mlangoni anayeusikia na kuupeleka kwa mwenziwe. Tukio linaendelea kama lilivyoandikwa zamani, na msomaji, akiwa ameketi peke yake na kitabu chake, ndiye shahidi wa pekee. Ukimya uliotangazwa na anwani umebadilishwa makao tu. Umehamia kutoka kinywani kwenda moyoni.

Ukilinganishwa na kitabu cha 19, upungufu huo unadhihirika. Briseis wa utendi ana mistari 14 na waitikiaji. Briseis wa riwaya ana kitabu kizima, na huzuni yake kwa Patroclus inamfikia msomaji hasa kama siri ya nafsi. Mbolezi imegeuzwa kuwa ungamo. Mabadiliko hayo si ya mtindo tu. Ungamo humchukulia mtu kama kisima kilichofungwa ambacho kikifunguliwa ukweli hutoka. Mbolezi humchukulia mtu kama mshiriki wa watu wengine, na ukweli wake hupatikana katika kupokezana. Mateka aliyepoteza mji, ndugu na lugha ya nyumbani amenyang'anywa hasa hao wa kupokezana nao. Kumpa upweke ulio fasaha ni kuurudia msiba wake kwa sura nyingine.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa sababu Barker mwenyewe alilijua. Katika Regeneration, ya mwaka wa 1991, askari Billy Prior anafika hospitali ya Craiglockhart akiwa bubu kutokana na vita, na mazungumzo yake ya kwanza anayafanya kwa kuandika. Uzito wa riwaya hiyo umo katika uhusiano wake na daktari Rivers, mtu anayesikiliza na ambaye kusikiliza kwenyewe kunambadilisha. Huko mwandishi alielewa kwamba bubu hafunguliwi kinywa na ufasaha bali na mtu aliye tayari kubeba atakayoyasikia. Katika kambi ya Troy Barker ameuchukua ufunguo wa Craiglockhart akamwacha Rivers nyuma.

Lipo tukio moja ambapo riwaya inakaribia jibu. Briseis anasikia wimbo wa kibembelezi wa Kitroy ukiimbiwa mtoto aliyezaliwa na baba Mgiriki, na anatambua kwamba wana wa washindi watakua wakikumbuka nyimbo za mama zao walioshindwa. Hapa sauti ina mpokezi. Hapa pia kuna nadharia nzima ya namna walioshindwa wanavyodumu: kwa njia ya sikio la mtoto, chini ya paa la adui, katika lugha ambayo bwana haielewi. Riwaya ambayo ingejengwa juu ya wimbo huo ingekuwa riwaya nyingine, na kubwa zaidi. Barker anaigusa fikra hiyo kisha anaipita, na nyimbo zinazobaki masikioni mwa msomaji ni zile chafu zinazoimbwa na askari karamuni.

Suala la Lugha

Wapo waliomlaumu Barker kwa kuwapa mashujaa wa kale Kiingereza cha mitaani cha leo. Lawama hiyo, ikitolewa kwa ujumla, haina mashiko. Lugha ya utendi wenyewe haikuwa ya mtu yeyote mmoja wala ya enzi moja; ilikuwa lugha ya sanaa, iliyochanganya lahaja na vipindi. Kila mwandishi ana ruhusa ya kuchagua chombo chake, na kwa matope, jasho na aibu chombo cha Barker kinafaa.

Udhaifu wake unaonekana pale tukio linapohitaji taadhima. Barker ana rejesta moja tu, ile ya mtu aliyekwisha kuchoka na maneno makubwa. Rejesta hiyo hukebehi vizuri, lakini haiwezi kuomboleza. Utamaduni wa maombolezo unahitaji lugha ambayo waombolezaji wanaimiliki kwa pamoja, yenye mafumbo na miundo iliyozoeleka kiasi kwamba mwingine anaweza kuidaka na kuiendeleza. Mtu hawezi kuitikia kejeli. Kwa hiyo uchaguzi wa lugha na upweke wa msimulizi ni kasoro moja iliyotazamwa kutoka pande mbili.

Utetezi Unaowezekana

Mtetezi wa riwaya anaweza kusema kwamba haya yote yamekusudiwa. Karibu na mwisho Briseis mwenyewe anatambua kwamba amekuwa ndani ya hadithi ya Achilles muda wote, na kwamba hadithi yake inaweza kuanza sasa tu. Anabashiri pia kwamba watu wa baadaye hawatapenda kusikia habari za utumwa na ubakaji. Polyxena anatolewa kafara kaburini pa Achilles akiwa amefungwa kinywa, na picha hiyo inaonekana kumkubalia anayesema kwamba riwaya inahusu kutowezekana kwa sauti.

Utetezi huu una uzito, lakini hautoshi. Kukiri kosa si kulirekebisha, na mwandishi anayetangaza katika kurasa za mwisho kwamba hadithi haijaanza anamdai msomaji radhi kwa kurasa zilizotangulia. Isitoshe, kutowezekana kwa sauti kunaweza kufanywa kiini cha kazi tangu mstari wa kwanza. Christa Wolf alifanya hivyo katika Kassandra ya mwaka wa 1983. Mhusika wake, mateka anayesubiri kifo mbele ya malango ya Mycenae, anasema peke yake kwa sababu amelaaniwa asiaminiwe. Kukosa msikilizaji ndiko mada yenyewe, na umbo la kitabu linatokana nako. Kwa Barker upweke wa msimulizi ni mazoea ya riwaya ya kisasa yasiyohojiwa.

Hata dai la upya halisimami vizuri. Ovid alikwisha kumpa Briseis sauti yapata miaka elfu mbili iliyopita, katika barua ya tatu ya Heroides, naye alimpa angalau anayeandikiwa. Euripides aliwakusanya wanawake wa Troy jukwaani mwaka wa 415 K.K., pamoja na kiitikio chao, mbele ya raia wa mji uliokuwa wenyewe unateketeza miji.

Hitimisho

Mjadala huu unawahusu moja kwa moja wanaofanya kazi na tendi za Kiswahili. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mnamo mwaka wa 1913, yupo kijakazi aitwaye Saada. Ni yeye anayepeleka chakula gerezani na kurudi na ujumbe wa shujaa. Ni yeye anayenyang'anywa vyakula vizuri na walinzi, na anayebeba mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Bila miguu ya Saada Liyongo hatoki gerezani. Utendi hauelezi yaliyompata baadaye. Si ajabu mwandishi chipukizi wa Kenya au Tanzania akashawishika kumwandikia riwaya, na atakuwa na sababu njema.

Kosa la Barker lingemfaa mwandishi huyo kuliko mafanikio ya wengine. Litamwonya kwamba kumpa Saada kurasa 300 za mawazo si lazima kuwe ndiko kumpa sauti. Swali la kuanzia ni jingine: Saada akirudi kutoka gerezani jioni, anamweleza nani? Ni nani yuko jikoni wakati mkate unakandwa, na anajua nini kuhusu kilichomo? Sauti ya tupa ilifunikwa na shangwe ya wachezaji waliofundishwa wimbo na mfungwa; je, miongoni mwao walikuwamo wajakazi walioelewa wanachokifunika? Utendi huo unafunga kwa mama aliyepelekwa kisimani kumsihi mwana ambaye, bila yeye kujua, amekwisha kufa. Maneno ya mama huyo hayana wa kuyajibu, na kwa sababu utendi umetuzoesha mahali pote kusema na kuitikiwa, kimya cha kisimani kinasikika. Barker alikuwa na vyote vilivyohitajika ili kimya cha namna hiyo kisikike. Alichokosa ni waitikiaji.